Kukhu na Mkwe Wake kwenye Meza ya Bwana

Mpendwa Kukhu, bibi yangu mzaa mama,

Najua utauliza ni nani atakayekusomea barua hii, kwa sababu macho yako na herufi hamkuwahi kujuana. Atakusomea mama. Alifika darasa la nne pale misheni kabla hajaolewa, na kama yale niliyokufundisha ni kweli, basi sasa mmeketi pamoja. Mwambie asome polepole, maana mwandiko wangu bado unainama upande mmoja.

Ninaiacha barua hii wazi ili wasomewe pia akina mama wanaoanza mafundisho ya ubatizo katika kigango chetu hapa Busibwabo. Wiki ijayo wataketi mbele yangu. Ndiyo, Kukhu, mbele yangu mimi Nafula, ambaye nikisikia mgeni akipiga hodi nilikuwa najificha nyuma ya ghala mpaka aondoke. Wamesikia kwamba nilikufundisha wewe ukaelewa, wanadhani nina dawa. Sina dawa. Nina kumbukumbu tu, na nyingi hunichekesha mahali ambapo mtu hapaswi kucheka, kwa mfano katikati ya sala ya kuwaombea marehemu.

Nakumbuka ulivyoanza. Nilikuwa nimemaliza shule, nafasi ya sekondari sikupata, nikarudi kwako kupepeta mtama na kumkwepa kila aliyetaka kujua nitafanya nini na maisha yangu. Ulikuwa umekaa mlangoni ukichambua mboga ya mrenda. Ukasema bila kuniangalia:

"Nataka kumwagiwa maji ya kanisa."

"Sasa hivi, Kukhu? Binti yako Mama Skola amekubembeleza miaka yote hiyo ukakataa."

"Mama yako alimwagiwa?"

"Alimwagiwa akiwa msichana."

"Basi yuko kwao hao. Mimi nikifa hivi nilivyo, nitapelekwa kwa wazee wangu, ambao hata walipokuwa hai sikuwapenda sana. Nataka kwenda alipo Veronika."

Ukaendelea kuchambua mrenda. Mimi nilibaki nimeshika ungo hewani, kwa sababu tangu mama alipofariki kwa ile homa, nikiwa mdogo, sikuwahi kukusikia ukilitaja jina lake. Nilidhani umelisahau, au umekasirishwa nalo. Siku ile nilijua kwamba ulikuwa umelihifadhi.

Shida yetu ilikuwa Mwalimu Alfonsi. Kigango chetu kina katekista mmoja tu wa kufundisha dini, na katekista huyo ni Mteso kutoka Adungosi aliyemwoa binti yako mdogo, Mama Skola. Akina mama wa hapa wanajua maana yake, lakini naandika kwa ajili ya mtu anayeweza kusoma akiwa mbali: kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na juu ya yote hawali pamoja. Si chuki. Ni heshima, na kadiri unavyomheshimu mtu ndivyo unavyomkimbia. Sisi Wakhayo na Wateso tumebishana kuhusu malisho, mipaka na mambo mengine mengi, lakini katika hili hatujawahi kutofautiana hata kidogo.

Ndiyo maana Mwalimu Alfonsi alikuwa akipiga kengele ya baiskeli tangu kule kijitoni, kabla hajafika kwenye boma lako. Kila ulipoisikia uliacha chochote ulichokuwa ukifanya. Ukaingia migombani ukiwa na mwiko mkononi. Siku moja ulichelewa, ukajitupa ndani ya zizi la ndama, na ndama akakulamba shingo muda wote ambao mkwe wako alikuwa akiniuliza habari za nyumbani. Sauti yako ya kufukuza ndama tuliisikia sote wawili. Mwalimu aliuliza tu, kwa adabu kubwa, kama ng'ombe wetu wazima.

Na yeye aliteseka. Mlipokutana ghafla sokoni Busia, aliruka ndani ya duka la Mhindi akajifanya anatafuta kitambaa cha pazia. Alirudi nyumbani na pazia la maua mekundu, na Mama Skola akamuuliza atalitundika wapi, maana nyumba yao ilikuwa na dirisha moja, nalo dogo la kutolea moshi.

Mtu kama huyo angekufundishaje habari za Mungu? Alijaribu. Alimtuma Mama Skola aseme kwamba anaweza kusimama nyuma ya nyumba akasoma Katekisimu kwa sauti, nawe usikilize ukiwa ndani. Ulikataa. Ulisema huwezi kufundishwa na ukuta.

"Nafula atanifundisha," ulimwambia Mama Skola. "Amesoma mpaka macho yamekuwa mekundu. Atoe sasa."

Mama Skola akacheka. "Nafula huyu? Mama, huyu hata kuku akimtazama anaona haya."

"Mimi si kuku," ukasema, na mambo yakaishia hapo.

Tukaanza. Mafundisho yetu yalikuwa jikoni, wewe ukisaga au ukipika, mimi nikisoma halafu nikikueleza kwa Kikhayo. Hapa nayaweka maneno yako kwa Kiswahili, na mengine yamepungua utamu njiani, unisamehe.

Nilianza mwanzo kabisa: kwamba Mungu ni mmoja, ndiye aliyeumba mbingu na nchi na kila kitu. Hilo ulilikubali mara moja. Ulisema ulikuwa ukilijua kabla ya Mzungu yeyote kuvuka kwa garimoshi, ila hukujua kwamba anataka kutembelewa kila Jumapili. Nikaja kwenye Utatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, nafsi tatu na Mungu mmoja. Nilikuwa nimejiandaa sana. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukaangalia uso wangu, ukasema, "Hapa wewe hujaelewa na mimi sijaelewa. Tusisumbuane, tupite." Tangu siku hiyo nimewasikia mapadre wawili wakihubiri juu ya Utatu, na wote waliishia hapo hapo ulipoishia, ila walichukua muda mrefu zaidi.

Adamu na Eva walikusikitisha. Ulitaka kujua Adamu alitoa nini kwa wazazi wa Eva. Nikasema Eva hakuwa na wazazi. Ulitikisa kichwa ukasema kwamba basi, nyumba iliyoanza bila wazee kukaa chini isingeweza kwenda vizuri, na kwamba nisimlaumu nyoka peke yake.

Kufunga nyama siku ya Ijumaa kulikuchekesha mpaka ukashika kiuno. "Na Jumatatu nyumba hii huwa na nyama?" ukaniuliza. "Mwambie Padre mimi nimefunga tangu niolewe."

Kuungama ndiko kulikokusumbua. Nilikueleza kwamba Mkristo akitenda dhambi humwendea padre, humwambia dhambi zake kwa toba, na Mungu humsamehe kwa njia yake. Ukauliza kama ni yule kijana wa pikipiki asiye na mke. Nikasema ndiye. Ukakubali tufanye mazoezi. Ulipiga magoti mbele yangu, ukaweka mikono pamoja, ukaungama kwamba jirani yetu Mama Okumu huchungia mbuzi wake katika mihogo ya watu, kwamba ana mdomo, na kwamba alimkataza mwanawe kutusalimia. Nikakwambia hizo ni dhambi za Mama Okumu. "Najua," ukasema. "Lakini yeye hataziungama, na zitapotea bure."

Ila tulipofika kwenye somo la toharani, mahali roho husafishwa kabla ya kuingia mbinguni, hukufanya mzaha. Sikujua namna ya kulieleza, nikatumia Malaba. Nikasema ni kama kile kizuizi cha askari kule mpakani, ambapo malori husimama kwenye mstari. Dereva ana haki ya kuvuka, na atavuka, lakini kwanza mzigo wake lazima uangaliwe, na kisichofaa kiondolewe. Matanboi, wasaidizi wa dereva, hukaa chini ya lori wakipika chai, wakingoja. Wote watafika, ila si kwa wakati mmoja.

"Hakuna njia ya mtoni?" ukauliza. Wewe ulikuwa ukivuka kwenda kwa kaka yako Uganda kwa njia ya mtoni, na hukuwahi kuonana na askari hata mmoja.

"Hakuna, Kukhu."

"Na Veronika? Bado amesimamishwa?"

Nilitafuta katika Katekisimu nikakosa. Nikasema kwamba mama alikufa akiwa kijana, hakuwa na mzigo mkubwa, na kwamba tukimwombea anasaidiwa. Tangu siku hiyo ulisali rozari kila jioni. Ulikuwa ukiruka Baba Yetu kwa sababu ni ndefu, lakini Salamu Maria hukuruka hata moja. Ulisema Maria ni mwanamke aliyefiwa na mwana, yeye hahitaji kuelezwa mambo mara mbili.

Halafu nikaharibu kila kitu, Kukhu, kwa kujaribu kufundisha vizuri.

Ilikuwa juu ya Komunyo. Nilikuwa nimekupenda sana wakati huo na nilitaka uione kama nilivyoiona mimi. Nikakwambia kwamba Misa si maneno tu, ni karamu. Usiku kabla ya kufa kwake Yesu aliketi mezani na wenzake, akawapa mkate akasema ni mwili wake, akawapa divai akasema ni damu yake, na mpaka leo sisi sote huitwa kwenye meza ile ile moja. Hakuna mkubwa wala mdogo. Tunakula pamoja kama watu wa nyumba moja.

Ulikuwa ukikoroga ugali wa mtama na muhogo. Mwiko ukasimama.

"Sisi sote nani?"

"Wote waliobatizwa."

"Na Alfonsi?"

"Naye pia."

"Meza moja?"

"Moja, Kukhu."

Ukaepua ugali kabla haujaiva. "Basi mimi sili," ukasema. "Mmenificha jambo hili mpaka mwisho."

Nilijaribu kukutuliza kwa kukueleza inavyofanyika, na hapo nikaongeza moto. Nilikueleza kwamba watu hupiga magoti mbele, Padre hupita, mtu hufumba macho na kufungua mdomo na kutoa ulimi kidogo. Na kwa kuwa hata kipande kidogo hakipaswi kuanguka chini, Mwalimu Alfonsi hupita pamoja na Padre akishika sahani ndogo ya kung'aa chini ya kidevu cha kila mtu.

Asubuhi ulisema maneno haya, nami nayakumbuka yote: "Nimemkimbia mtoto wa watu tangu alipomwoa binti yangu, asione hata kisigino changu. Leo nikamtolee ulimi?"

Katika jambo hili sikukucheka, Kukhu. Padre alikuwa anakuja kwetu mara moja moja tu, na siku ya kuwahoji wanaobatizwa ilikuwa imekaribia. Kifua chako kilikuwa kimeanza kukoroma. Ukikosa mara ile, sikujua kama kungekuwa na nyingine, na nilijua unachokosa si maji kichwani. Ulikuwa unamkosa mama mara ya pili, na safari hii kwa ajili ya adabu.

Mama Skola alikuja, akaenda, akaja tena. Ujumbe wa Mwalimu ulikuwa kwamba yeye yuko tayari siku ya ubatizo wako asipokee Komunyo, asishike sahani, na ikiwezekana asionekane kanisani kabisa. Padre alikataa. Alisema hawezi kumfukuza katekista kwenye karamu ili kumkaribisha mama mkwe wake.

Siku ya kuhojiwa ulienda kwa sababu nilikuomba. Nilijua ulikwenda kukataa kwa adabu, mbele ya Padre mwenyewe. Mwalimu Alfonsi ndiye aliyekuwa mkalimani siku zote, Padre akiuliza kwa Kiswahili chake cha kigeni, naye akiwageuzia watu kwa lugha yao. Alichungulia dirishani, akaona umeketi kwenye benchi la mbele umejifunika shuka mpaka puani, akaniita nje akanipa Katekisimu, akanipa na ufunguo wa kanisa, akaondoka. Nilimwona akichuchumaa nyuma ya baiskeli yake, kana kwamba baiskeli ina ukuta.

"Mkalimani iko wapi?" Padre akauliza.

Kanisa zima likanitazama. Hapo ukanifinya paja, Kukhu. Alama ilikaa siku nyingi. Sauti iliyotoka haikuwa yangu, lakini ilikuwa sauti.

"Niko," nikasema.

Padre akakuuliza, "Mama, wewe nataka batizwa kwa nini?" Kwenye Katekisimu jibu liko, nasi tulilikariri: ili kusamehewa dhambi na kuwa mtoto wa Mungu. Wewe ukajibu kwamba binti yako Veronika yuko upande ule na unataka kumfuata. Nikageuza nilivyosikia, kwa hofu. Padre aliinamisha kichwa kidogo akasema, "Inatosha." Kisha akauliza umechagua jina gani.

"Ana," ukasema. Tulikuwa tumelizungumza jikoni. Nilikuwa nimekueleza kwamba Ana ni mama yake Maria, yaani kukhu wa Yesu, na swali lako la kwanza lilikuwa ni nani aliyekuwa mkwe wake. Nikasema Yosefu. Ukauliza kama walionana. Nikasema haikuandikwa. "Basi hawakuonana," ukasema ukiwa umeridhika sana. "Watu wenye adabu."

Padre akafurahi, akasema siku ya Misa utabatizwa na kupokea Komunyo. Ndipo ukaniambia niseme kwamba maji unataka, ila meza hapana, kwa sababu ya mkwe.

"Lakini mkwe ni mtoto yako tu, mama," Padre akasema.

Ukanigeukia. "Mwambie hana mama mkwe, ndiyo maana anaongea."

Sikutaka kugeuza. Watu waliokusikia walikuwa wameanza kucheka tayari, na Padre akanihimiza, "Sema, sema." Nikasema huku nikiangalia sakafu. Padre alicheka mpaka akavua miwani. Alipoirudisha, alifungua Injili akatafuta ukurasa, akaniambia nigeuze polepole.

Akasoma kwamba Yesu alitoka katika sinagogi akaingia nyumbani kwa Petro, na mama mkwe wake Petro alikuwa amelala, ana homa.

Ulishusha shuka kutoka puani. "Petro alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Na mama mkwe alikuwa amelala humo humo nyumbani kwa mkwe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Kukhu."

"Na Petro akaingia akamwona amelala?"

Padre akasema, ndiyo. Watu wakasogea mbele kusikia. Hata Mama Okumu, aliyekuja kutafuta la kusimulia, alikuwa ameinama mbele.

"Si ndiye mliyempa funguo za mbinguni?" ukauliza. "Yosefu mwenye adabu hamkumpa. Mkampa huyu?"

Nikageuza. Padre akajibu kwamba hakuna aliyempa ila Yesu mwenyewe, akaendelea kusoma. Yesu alimwendea yule mama, akamshika mkono, akamwinua.

"Nani alimshika mkono? Petro?"

"Hapana. Yesu."

"Afadhali."

Homa ikamwacha, naye akainuka akawahudumia. Padre akafunga kitabu. Ulikuwa ukiwaza, nilijua kwa jinsi ulivyokuwa ukisugua gumba.

"Aliwahudumia nini? Chakula?"

"Chakula, nafikiri," akasema Padre.

"Na Petro alikula?"

"Haiandikwi, mama."

"Alikula," ukasema. "Mwanamume yuko nyumbani kwake, chakula kimepakuliwa, wageni wanakula. Alikula." Halafu ukaniambia niulize swali la mwisho, na nililigeuza neno kwa neno: "Kwa hiyo mkwe na mama mkwe wanaweza kula mahali pamoja, ikiwa Yesu yuko katikati?"

"Ndiyo hiyo, mama," Padre akasema. "Ndiyo hiyo kabisa. Yeye nakaa katikati."

"Na kama hayuko katikati?"

Padre akafikiri. "Basi wewe kimbia kwa migomba, kama kawaida."

"Mwambie," ukaniambia, "huyu kijana ameanza kupata akili."

Hivyo ndivyo ulivyokubali meza. Sahani ilikuwa jambo lingine. Mama Skola alikwenda na kurudi mpaka viatu vyake vikalegea, na mwisho mkapatana: wewe utafumba macho, kama wafanyavyo wote, na yeye Mwalimu atafumba pia. Mama Skola alinieleza walivyofanya mazoezi nyumbani jioni, yeye amepiga magoti jikoni, Mwalimu anatembea kwa macho yaliyofumbwa akiwa na kifuniko cha sufuria, na mara ya kwanza alikipeleka chini ya kidevu cha mbuzi.

Siku ya Misa ulivaa gauni jeupe la kuazima. Padre alikumwagia maji, akakuita Ana, na maji yakakuingia sikioni ukalalamika kwa sauti. Wakati wa Komunyo ulipofika nilipiga magoti ubavuni mwako. Nilipaswa kufumba macho na kusali. Sikufumba, Kukhu, na sijutii.

Padre alikuja, na Mwalimu Alfonsi pembeni yake, macho yamefumbwa, mkono mmoja umeshika joho la Padre ili asipotee. Wewe umefumba macho, mdomo uko wazi. Padre akainua mkate, akasema ni mwili wa Kristo. Ukajibu "Amina" kama mtu anayeita ng'ombe, na kwa kusikia sauti yako karibu hivyo Mwalimu alishtuka, sahani ikakugonga kidevu, ikalia kanisani kote.

Mkafumbua macho, wote wawili, kwa pamoja.

Sijui mlitazamana kwa muda gani. Nilichokiona ni kwamba hakuna aliyekimbia. Mwalimu alikuwa na machozi na alikuwa mwekundu wa macho, akasema kwa sauti ndogo sana, "Pole, mama." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyokwambia tangu alipoleta ng'ombe wa mahari ya Mama Skola. Ukafunga mdomo, ukameza, ukainamisha kichwa.

Njiani kurudi nyumbani nilingoja useme jambo kuhusu Mungu. Ulisema, "Amezeeka, mkwe wangu. Muda wote huu nilikuwa nakimbia kijana."

Jumanne yake alipiga kengele kijitoni, nawe ukaingia migombani kama kawaida. Ila ulikwenda kwa mwendo wa kutembea.

Mvua kubwa zilipokuja na kifua chako kikakataa kabisa, pikipiki ya Padre haikuweza kupita. Mwalimu Alfonsi alikuja kwa miguu, mchana, matope mpaka magotini, akasimama nje ya mlango wako. Nilikuambia yupo. Ulikuwa na pumzi kidogo tu, na uliitumia kuuliza:

"Amekuja na Yesu au amekuja peke yake?"

Nikatoka kuuliza. Alinionyesha msalaba na kitabu cha sala ndani ya koti.

"Amekuja naye, Kukhu."

"Basi aingie."

Aliingia nyumba ambayo hakuwahi kuingia. Alisoma sala za wagonjwa mpaka mwisho, sauti ikimkatika, na wewe ukaitikia ulipoweza. Alipotaka kutoka ulininyooshea kidole kwenye chungu. Nikampakulia ugali na mrenda. Alikula akiwa ameketi kwenye kigoda chako, amekugeuzia ubavu, nawe ukamtazama mpaka akamaliza. Ulitabasamu. "Anakula," ukaniambia, kama vile ni mimi niliyekuwa nimebisha. Kesho yake, jua likiwa juu, ukaenda.

Kwenye mazishi wazee walibishana kama mkwe anaweza kusimama karibu na kaburi. Alisimama. Alisema kwamba kwa miaka mingi alimjua mama huyu kwa sauti ya majani ya migomba tu, na kwa uso alimjua miezi michache, na kwamba hiyo miezi michache ndiyo iliyomfundisha alichokuwa akiwafundisha wengine. Watu walicheka, kisha wakalia, wengine kwa mpangilio mwingine.

Sasa akina mama wa darasa jipya wamekwisha kunitumia maswali yao kabla hata hatujaanza. Mmoja anataka kujua kama mbinguni atakutana na mke mwenzake. Mwingine anauliza kama kuna namna ya kubatizwa bila Mama Okumu kujua. Majibu sina. Nikijiona nataka kukimbilia nyuma ya ghala, najifinya paja mwenyewe, lakini sina vidole vyako.

Nakukosa, Kukhu. Nakukosa zaidi saa za kupika, ambapo nasoma kwa sauti na hakuna anayenikatiza. Ninaamini umevuka. Sijui kwa hakika, hakuna aliyerudi kuniambia, lakini nimeanza kuelewa kwamba kuamini ndiko huko, na kwamba wewe ulikuwa na zaidi yangu tangu ile siku ya mrenda.

Kaa na mama. Kuleni mezani kwa raha, maana Mwalimu Alfonsi bado tuko naye huku, na afya yake ni njema. Lakini siku atakapofika, usijifunike. Msogezee nafasi.

Mimi, mjukuu wako,
mtoto wa Veronika.